Mpira wa Jumapili Uliochezwa Alhamisi

Karatasi ilinifikia Kasongo ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la Blaise, yule wa pikipiki, na kwa kuwa mvua ilimkuta kabla ya mto wa pili, nusu ya maneno ilikuwa imehamia kwenye shati. Nusu iliyobaki ilitosha. Ilikuwa arete, amri ya serikali. Ilisema kila televizyo ndogo, kuanzia inchi ishirini na moja kushuka chini, inayotazamwa na watu wengi pamoja, iwe na kipokezi cha numerike, yale mawimbi mapya ya dijitali, na kipokezi hicho kiwe kinapokea kweli. Isiyopokea itachukuliwa. Zile kubwa zimeongezewa miaka miwili. Sikuuliza kwa nini. Kubwa ziko kwa wakubwa.

Pembeni, kwa kalamu ya bluu, mdogo wangu Anastasie alikuwa ameandika kutoka Lusangi: “Kaka, ajenti wa ukaguzi anakuja Alhamisi. Njoo.”

Nilikuwa nimekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, na sikuwa na hamu ya kwenda popote. Nimeendesha kamioni za pamba miaka thelathini na moja kati ya Kasongo na Kabambare. Njia ile naijua kama mtu anavyolijua jino linalomuuma. Kuna kamioni yangu moja ilizama kwenye matope ya upande wa Lusangi, ikazama na mizigo na bendera ya kampuni, na mpaka leo mvua ikinyesha sana honi yake inalia chini kwa chini. Watu wanabisha. Mimi nawaambia waende wakasikilize wenyewe, na kwa kuwa njia ni mbaya hakuna anayekwenda, basi habari inabaki ya kweli.

Mambo ya redio na televizyo nilijifundisha mwenyewe. Nilifungua redio ya kwanza nikiwa kijana, kumtafuta yule bwana aliyekuwa akisema ndani. Sikumkuta, ila nilikuta waya umekatika, nikaurudisha mahali pake, naye bwana akaendelea na maneno yake. Tangu siku hiyo nikaitwa fundi.

Anastasie ni mjane. Marehemu Zéphirin mume wake alimwachia nyumba ya matofali mabichi yenye bati, batri mbili, plake moja ya umeme wa jua, na televizyo ya inchi kumi na nne yenye ufa pembeni. Tangu mgongo wake uharibike hawezi tena kushika jembe. Kwa hiyo alitoa kitanda cha sebuleni, akapanga mbao juu ya matofali, akatundika blanketi dirishani, na wachimbaji wa dhahabu wakishuka kutoka mashimoni saa kumi wanaingia kutazama mpira. Mwenye franka analeta franka, mwenye mihogo analeta mihogo. Anakula hapo, yeye na mjukuu wake. Ukiichukua ile televizyo, umelichukua shamba lake.

Sasa, wimbi la televizyo halijawahi kufika Lusangi, si la zamani si la numerike. Mpira wa Lusangi unakuja kwa flashi. Unachezwa Jumapili huko Kinshasa au Lubumbashi, mtu wa Kindu anaunasa, pikipiki inaufikisha Kasongo Jumanne, Blaise anaufikisha Lusangi Jumatano, na Alhamisi saa kumi ndipo unaanza. Na kwa kuwa katika siku hizo nne mtu anaweza kusikia matokeo njiani, nyumba ya Anastasie ina sheria. Nyuma kabisa, chini ya blanketi, kuna ubao mmoja unaoitwa benchi ya wenye kujua. Ukiingia huku unajua matokeo, hakuna anayekuuliza kitu. Unakwenda kukaa pale wewe mwenyewe. Huruhusiwi kusema, huruhusiwi kucheka mapema, huruhusiwi hata kuvuta pumzi kwa namna ya kuonya. Katekista mmoja alivuta pumzi dakika moja kabla ya goli, akafukuzwa wiki tatu. Alikula kiapo kwamba ni pumu.

Na kulikuwa na sheria nyingine ambayo hakuna aliyeitunga: hakuna aliyeomba. Hata mzee Ibrahim, mchimbaji mwenye umri mkubwa kuliko wote, anayeomba kabla ya kuingia shimoni, kabla ya kula, na kabla ya kukata kucha, alikuwa anakaa kimya mpira ukianza. Alisema mchezo umekwisha kuamuliwa tangu Jumapili, kuuombea ni kumsumbua Mungu bure. Wakristo walikubaliana naye. Ni jambo moja tu ambalo Lusangi nzima ilikubaliana nalo.

Nilitoa miguu kwenye beseni.

Sokoni nilikwenda kwa Iliasi, ambaye duka lake linauza sabuni, chupi, na vyombo vya umeme kwenye meza moja. Alikuwa na dekoda moja tu, kile kisanduku cha kupokea numerike, imetoka Kalemie ndani ya mfuko wa vitunguu na bado inanuka. Nilimwambia naitaka ya dada yangu Lusangi, nami nitamwachia redio yangu kubwa.

“Muzee, kule Lusangi wimbi iko?” akaniuliza.

“Haiko.”

“Sasa unaipeleka dekoda ikapokee nini?”

“Ikampokee ajenti.”

Iliasi alinitazama, akaifuta vumbi, akanipa. Hakucheka. Nadhani alishaona vitu vingi vikinunuliwa kwa sababu kama hiyo.

Tuliondoka Jumanne, Blaise na mimi, dekoda tumboni mwangu chini ya koti. Safari sitaisimulia. Nitasema tu kwamba mahali pamoja tulishuka tukaibeba pikipiki, na mahali pengine nadhani pikipiki ilitubeba sisi ikiwa imezimika. Tulilala kwa watu. Blaise alikuwa na flashi ya wiki ile, mpira wa timu ya Lubumbashi na timu ya Kinshasa, nami nilikuwa nimekwisha kuusikia redioni Jumapili, kabla redio haijawa ya Iliasi: Kinshasa moja, Lubumbashi bila. Asubuhi ya Jumatano, kwenye mteremko wa mwisho, nilimwomba Blaise flashi, nikamwambia kule Lusangi asimwambie mtu kwamba imefika. Alicheka, akasema kwa umri wangu ningetafuta michezo mingine. Kisha akanishusha na kuendelea kwenda Kabambare.

Nitasema ukweli: njiani wazo lilikuwa bado halijakaa sawa. Lilikaa sawa mchana ule, nilipokwisha kufunga dekoda. Nilisimamisha antena juu ya bati, nikaunganisha waya, nikawasha. Kioo kikawa cha bluu, katikati kikaandika kwamba hakuna signali. Niligeuza antena upande wa Kasongo. Hakuna signali. Upande wa Kabambare, wa Kindu, wa mbinguni. Anastasie alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja kiunoni pale panapomuuma, na kila nilipogeuka aliuliza kwa macho tu. Fishi ya ajenti, ile fomu anayojaza, alivyosikia Anastasie kwa watu wa Kabambare, ilikuwa na swali moja: chombo kinapokea, ndiyo au hapana. Palipoandikwa hapana, televizyo ilifungwa kamba ikapakiwa.

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri nyumbani mwake, na mimi nilichoka kumwona dada yangu hivyo.

Nyuma ya dekoda, kando ya matundu ya waya, kuna tundu dogo la flashi. Ukichomeka flashi pale, picha inapita ndani ya dekoda na kutokea kwenye televizyo, na mtu asiyejua haoni tofauti. Alhamisi asubuhi, Anastasie alipokwenda kuteka maji, niliichomeka, nikaizungushia kitambaa kana kwamba nafunga waya usichomoke. Aliporudi nilimwambia wimbi limefika.

“Limefika aje?” akasema.

Nikamwambia limefika alfajiri, kidogo kidogo, kama mgeni asiyejua nyumba. Nikamwambia mpira wa Jumapili uliahirishwa, mvua iliujaza uwanja, umesogezwa leo saa kumi, na leo Lusangi itautazama direkti, unapochezwa, pamoja na Kinshasa yenyewe. Nilieleza mpaka nikaongeza samaki waliookotwa karibu na goli. Yeye alikaa juu ya ndoo yake, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani anacheka. Alikuwa halii sana, lakini alikuwa analia.

Hapo ningesema. Sikusema. Nilijiambia ni siku moja tu, ajenti apige kashe, muhuri wake, aende, kesho nitamweleza na tutacheka.

Habari ilipanda mashimoni kabla ya saa sita. Saa tisa na nusu nyumba ilikuwa imejaa. Wengine walikaa juu ya miguu ya wenzao. Héritier, kijana wa shimo la juu na mkubwa wa wote wanaoipenda Lubumbashi, alikuwa amevaa shati safi na kupaka mafuta kama anayekwenda kuposa. Benchi ya wenye kujua ilikuwa wazi. Watu waliipita wakaitania, wakaiambia leo imeachishwa kazi. Hakuna aliyekaa pale hata kwa kukosa nafasi.

Ajenti alifika wakati huo. Jina lake Yves, mtu mwembamba wa miaka arobaini hivi, matope mpaka magotini, begi la ngozi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alisalimia kwa adabu. Anastasie alimpa kiti cha pekee chenye mgongo, mbele kabisa, akamwonyesha dekoda, akamwonyesha antena, na kwa furaha akamweleza hata desturi ya ile benchi, jinsi ilivyokuwa siku zote, na kwamba leo haina kazi kwa sababu mpira ni direkti. Yves aliitazama benchi, akamtazama Anastasie, akatoa fishi akaiweka gotini. Hakuandika kitu.

Niliwasha. Picha ikaja, safi. Mtangazaji alipowatakia watazamaji Jumapili njema kwa Kifaransa, mimi nilishikwa na kikohozi kirefu, na yeye alikwisha kupita kwenye majina ya wachezaji kabla sijapona.

Wachezaji walikuwa wanasimama tayari, na hapo mzee Ibrahim akainuka. Aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba. Akasema miaka yote hii alikaa kimya kwa sababu alikuwa anatazama jambo lililokwisha kufungwa. Leo liko bado mikononi mwa Mungu.

“Leo tunaweza kuomba,” akasema. “Tusikose nafasi.”

Akafungua viganja, na Waislamu wakafungua, na wengine wakafanya ishara ya msalaba, na Héritier akapiga magoti palepale kati ya miguu ya watu, macho ameyafunga kwa nguvu. Wachimbaji hamsini na zaidi, udongo bado masikioni, wakauombea mpira uliokwisha siku nne zilizopita. Mimi nilikuwa nimeshika waya. Nilitazama waya.

Wakati watu bado wameinamisha vichwa, kiti cha mbele kililia. Yves alikuwa ameinuka. Alipita pembeni, polepole, akiinua miguu asimkanyage mtu, mpaka nyuma, akakaa kwenye benchi ya wenye kujua, peke yake, fishi mikononi.

Waliokuwa wanaomba hawakumwona. Anastasie alimwona. Kisha akageuka akaniona mimi.

Mpira ulichezwa kama ulivyochezwa. Sitausimulia. Kinshasa walifunga kabla ya mapumziko. Katika kipindi cha pili Lubumbashi walipewa penalti, na Héritier akaomba tena, safari hii kwa sauti, akamwahidi Mungu vitu ambavyo mchimbaji hana. Penalti ikapita juu. Mpira ulipokwisha, hakuna aliyepiga kelele kama siku zote. Walitoka mmoja mmoja, na Héritier alibaki amekaa chini. Nilimwambia pole. Akanijibu kwamba ni kosa lake: alipokuwa anaomba, aliukumbuka ule ugomvi na mukubwa wake, kaka yake aliye Kabambare, roho ikachafuka, na Mungu hapokei ombi la roho chafu. Kesho kutwa, alisema, atashuka Kabambare kumwomba ndugu yake msamaha.

Niliinuka, nikazima televizyo, nikatoka.

Nje, Yves alikuwa anaosha viatu kwa maji ya mvua yaliyokingwa batini. Alisema bila kuinua kichwa, “Muzee, mupira huu niliusikia Jumapili. Nilikuwa Kabambare, nakula.”

Nilikaa kwenye jiwe. Akaendelea kuosha kiatu kilekile. Alinieleza kwamba tangu mwezi uanze amekagua televizyo ndogo kumi na tisa, kutoka Kabambare mpaka hapa, na zote kumi na tisa ameandika hapana, kwa sababu hakuna mahali hata pamoja wimbi linapofika. Wimbi lenyewe, alivyosikia, bado liko kwenye karatasi. Televizyo ziko nyuma ya ofisi chini ya turubai, na turubai lina matundu. Aliandika barua kuuliza mtu atapokeaje kisichotumwa. Alijibiwa aongeze bidii.

“Wewe ni wa kwanza kunionyesha picha,” akasema. “Nilipoiona nilitaka kuamini. Wakaanza kuomba. Nikashindwa kukaa pale mbele.”

Nikamwuliza ataandika nini.

“Mimi nimechoka kuandika. Fishi inataka saini ya mwenye chombo. Aje aseme yeye.”

Anastasie alikuwa amekwisha kutoka. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni. Hakumtazama Yves.

“Kaka,” akasema, “niambie wewe. Mupira ule ulikuwa wa leo?”

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Nimesema maneno mengi, mengine mazuri sana. Hilo moja ndilo lililokuwa zito kutoka.

“Wa Jumapili,” nikasema.

“Na samaki wa kwenye goli?”

“Hawakuwako.”

Akamwomba Yves kalamu. Yves alimsomea swali tena, taratibu, kana kwamba anampa nafasi ya kukimbia: chombo kinapokea mawimbi ya numerike, ndiyo au hapana. Anastasie akaweka alama kwenye ndiyo na kusaini jina lake lote, pamoja na la marehemu. Alipomrudishia kalamu alisema hana shamba lingine, na kama ni dhambi ataibeba pamoja na mgongo.

Yves alipiga kashe juu ya begi lake, mara mbili kwa sababu wino ulikuwa umekauka. Akampa nakala. Akafunga begi kwa ule mpira wa baiskeli, akaaga kwa adabu ileile, akaenda kutafuta mahali pa kulala.

“Sasa,” Anastasie akaniambia, “utawaambia wewe. Mimi nimesaini. Wewe sema.”

Niliwaambia Ijumaa, walipokusanyika kwa Anastasie kuuzungumza mchezo. Nilisimama mbele yao, nikatoa flashi, nikaionyesha. Nikasema mpira ulikuwa wa Jumapili kama siku zote, wimbi halijafika, halitafika, dekoda ni sanduku tu, mimi niliwadanganya na naomba msamaha. Sikuongeza kitu. Nadhani ndiyo hadithi fupi kuliko zote nilizowahi kusimulia.

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye ubao.

Héritier ndiye aliyenijibu, kwa upole, kama mtu anavyomjibu baba mkwe. “Papa Hippolyte, wewe ulituambia kuna kamioni inapiga honi chini ya matope.”

“Hiyo ni nyingine.”

“Ulituambia ulivuka Lualaba juu ya mugongo wa kiboko, na kofia yako haikulowa.”

“Ilikuwa kiangazi.”

Wakacheka tena. Mzee Ibrahim peke yake hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye ile nakala ya fishi, ambayo Anastasie alikuwa ameibandika ukutani kwa ugali kwa sababu arete inataka ionekane. Alisema yeye hajui kusoma Kifaransa, lakini kashe anaijua. Kama wimbi halikuwako, ajenti wa serikali, mtu aliyesoma, angeandikaje ndiyo? Angetoka Kabambare kwenye matope yale kuja kupigia flashi kashe?

Nikasema ndivyo alivyofanya. Nikasema yeye mwenyewe alikwenda kukaa kwenye benchi ya wenye kujua. Wakaulizana nani alimwona. Hakuna aliyemwona, walikuwa wanaomba.

Nilimtazama Anastasie anisaidie. Alikuwa anachambua mchele, anatoa mawe moja moja.

Kufikia jioni walikuwa wamepata maelezo yao. Muzee ameona Lusangi imepata wimbi kabla ya Kasongo, amepata wivu, anataka turudi kwenye flashi. Wengine walisema nataka kuiondoa dekoda niipeleke mjini. Wakaniwekea mtu wa kuilinda.

Wiki iliyofuata Blaise alileta flashi mpya Jumatano. Alhamisi saa kumi Anastasie alifungua mlango, akapanga mbao, akawasha. Walikuja watu sita. Wengine walipita njiani, wakachungulia, wakauliza kama ni direkti, na walipoambiwa ni flashi wakaendelea. Héritier alikuwa amerudi kutoka Kabambare, amepatana na ndugu yake, uso unang'aa. Alimwambia Anastasie, kwa heshima, kwamba hawataki tena mupira uliopoa. Watangoja Jumapili. Jumapili wataomba vizuri zaidi.

Anastasie alihesabu mihogo iliyoletwa: mitatu. Aliipika usiku huohuo, akanipa wa kwangu, tukala. Televizyo ilikuwa pale, haikuchukuliwa na mtu. Ndiyo maana nilishindwa hata kulalamika.

Nilitaka kurudi Kasongo Jumamosi. Blaise alisema pikipiki iko tayari. Anastasie alisema mimi sijawa tayari.

Jumapili saa tisa wachimbaji walikuja kunichukua. Walikuwa wamejadili na kuona kwamba tatizo ni urefu. Antena juu ya bati iko chini mno, siku ile ilipata wimbi kwa bahati. Walikuwa wamekata mianzi mitatu mirefu, wakaiunga kwa kamba za nailoni, wakafunga antena kwenye ncha, na kununua waya, sijui walikuwa wameuza nini, wa kutoka kilima cha nyuma ya kanisa mpaka ndani ya nyumba. Watu wanane waliubeba mwanzi. Mimi walinibeba mmoja mmoja kwa zamu, mgongoni, kwa sababu kilima kile ni cha watu wenye magoti. Waliusimamisha, nikapewa kuushika chini, fundi ni mimi. Kisha wakashuka kuwahi nafasi, wakaacha mlolongo wa watu njiani kupokezana sauti: mmoja mlangoni, mmoja kwenye mchikichi, mmoja kwenye kaburi la padri, mmoja chini yangu.

“Zungusha kidogo, papa.”

Nilizungusha. Nilisubiri sauti ishuke, iingie ndani, itoke.

“Bado. Kuume kidogo.”

Kutoka pale juu niliona bati la Anastasie, na mlango, na watu waliojaa mpaka nje. Walikuwa wametulia sana. Nilijua wanachokitazama: kioo cha bluu na maandishi meupe. Hakuna aliyeondoka. Saa kumi kamili wote waliinama, hata waliokuwa nje, na nikajua mzee Ibrahim anaomba.

Nilimwambia kijana aliye chini yangu kwamba hakuna kitu, apeleke neno hilo, hakuna kitu na hakitakuwako. Alitabasamu akapaza sauti kwa mwenzake: “Fundi anasema bado kidogo.”

Nikazungusha upande wa Kabambare. Mwanzi ulikuwa mzito, upepo unausukuma huko juu, nao unanisukuma mimi huku chini. Bado. Upande wa Kindu. Bado. Nilipofika upande wa Kasongo nilikawia kidogo, kwa ajili yangu mwenyewe.

Baada ya muda mrefu neno lilianza kupanda kutoka mlangoni. Nililiona likipita, mtu baada ya mtu akigeuka: kwenye mchikichi, kwenye kaburi la padri. Lilionekana refu kuliko mengine. Kwa sekunde mbili nilidhani labda.

“Papa,” kijana akasema, “ni Mama Anastasie. Anasema kioo bado ni bluu, lakini kwa saa kipindi cha kwanza kimekwisha. Kaa, pumzika robo saa. Kisha uendelee.”

Nilikaa kwenye majani, nikaulaza mwanzi begani usianguke. Robo saa niliikisia tu. Kisha nikashika tena, nikainuka.